Dhambi Inayorudi Kila Mara: Namna ya Kuipeleka kwa Bwana Bila Kujificha

Dhambi yangu ni hasira. Naitaja mapema ili usidhani naandika kwa habari za kusikia. Nilikuwa tayari mzee wa kanisa, nimetoka kuongoza sala ya Jumapili asubuhi, na jioni ya siku hiyohiyo nikamfokea mwanangu kwa sababu ya sukari iliyomwagika, mpaka akajikunja kama anayengoja fimbo. Usiku nikapiga magoti, nikalia, nikaahidi kwamba sitarudia. Jumatano nikarudia. Zaidi ya miaka kumi niliishi hivyo: naanguka, nalia, naahidi, naanguka.

Yako huenda ni nyingine. Huenda ni pombe, picha za uchi kwenye simu usiku wa manane, kubeti, uongo, kusengenya, au wivu unaokula moyo kimyakimya. Mifano yangu mingi itatoka kwenye hasira kwa kuwa ndiyo ninayoijua toka ndani, lakini njia ni ileile. Mtume Paulo aliyaandika haya kwa mkono wa mtu anayejua: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi; bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo" (Warumi 7:19). Hakuna sababu ya wewe kujiona kiumbe wa ajabu.

Kabla ya hatua zenyewe, niseme jambo nililochelewa kulijua. Sikuwa nimepungukiwa maombi. Niliomba sana, ila niliomba nikiwa nimelivaa joho la uzee wa kanisa. Nilimtaka Mungu aiondoe dhambi yangu bila heshima yangu kuguswa: mke wangu asinisikie nikikiri, mchungaji asijue, washarika wasiote hata ndotoni. Nilitaka kuponywa kwa siri ili niendelee kuonekana kwamba sikuwahi kuumwa. Yakobo anasema, "Mungu huwapinga wajikuzao, bali huwapa neema wanyenyekevu" (4:6). Neno hilo "huwapinga" lilinikaa kooni. Kumbe mtu anaweza kukesha akiomba huku Mungu mwenyewe amesimama mbele yake kumzuia, kwa sababu ya kiburi alichokuja nacho magotini.

Hatua ya kwanza: iite kwa jina lake

Sisi tuna misemo mingi ya kuifunika dhambi. "Shetani alinipitia." "Nina hasira za karibu." "Ni udhaifu wa kibinadamu." "Ukoo wetu ndivyo tulivyo." Nilizitumia zote. Kila moja ina ukweli kidogo, na kila moja inanitoa mimi kwenye sentensi.

Chukua karatasi. Andika sentensi moja ambayo mtendaji wake ni wewe na kitendo chake kinaonekana. Usiandike "nina tatizo la hasira". Andika: "Ninamfokea mwanangu na kumwita mjinga mbele ya wadogo zake." Usiandike "nina changamoto ya fedha". Andika: "Ninachukua hela ya ada, nabeti, halafu namdanganya mke wangu." Utaona mkono unakuwa mzito. Andika hivyohivyo.

Daudi alikaa na dhambi yake mpaka mtoto wa Bathsheba akazaliwa, na bado hakusema lolote. Ilibidi Nathani aje amwambie, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7). Isome Zaburi ya 51 polepole uone anavyoungama. Hasemi kwamba mwanamke alikuwa akioga mahali anapoonekana. Hasemi kwamba vita vilimchosha. Ni "dhambi yangu", "uovu wangu", "makosa yangu", mstari kwa mstari.

Kuhusu pepo, nitasema wazi. Sikatai kwamba adui yupo, Biblia inamtaja. Lakini nimewaona watu wanaokwenda kuombewa "pepo wa hasira" mwaka hadi mwaka, na hawajawahi hata mara moja kumwambia mke au mtoto, "Nilikukosea." Ukikabidhi kila kitu kwa pepo, unageuka mtazamaji wa dhambi yako mwenyewe, na mtazamaji hatubu.

Hatua ya pili: itafute saa yake

Dhambi sugu ina ratiba. Kwa wiki mbili, kila unapoanguka au kukaribia kuanguka, andika siku, saa, mahali, na kilichotokea kabla yake. Ulikuwa na njaa? Ulilala? Ulikuwa peke yako? Ulikuwa umesifiwa sana, au umedharauliwa?

Daftari langu lilinionyesha kwamba nilikuwa naanguka kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, hasa mwisho wa mwezi mshahara ukiwa umekwisha. Hilo halikunishangaza. Kilichoniumiza ni safu ya mwisho. Karibu kila siku niliyofoka nyumbani, mchana wake kazini kulikuwa na mtu mkubwa kwangu aliyenijibu kwa dharau nami nikanyamaza. Heshima niliyonyimwa kule nilikuwa naidai kwa sauti kwa watoto wasioweza kunijibu. Miaka yote nilidhani nina dhambi ya hasira. Chini yake kulikuwa na kiburi kilichojeruhiwa, kinachotafuta pa kutibiwa.

Bwana alimwambia Kaini kwamba dhambi inakuotea mlangoni (Mwanzo 4:7). Kwangu mlango ule ulikuwa mlango wa kweli, wa mbao, ninaouingia kila jioni.

Hatua ya tatu: omba kabla, na uombe maneno machache

Hapa ndipo ninapotamani ukae zaidi, maana hapa ndipo maombi yangu yalipobadilika.

Pale Gethsemane Yesu aliwaambia wanafunzi, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni, roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu" (Mathayo 26:41). Aliwaambia kabla. Mara tatu alirudi akawakuta wamelala, na kabla jogoo hajawika Petro alikuwa amemkana mara tatu. Petro alilia baadaye, tena kwa uchungu, lakini saa aliyoambiwa aombe ilikuwa imeshapita. Nami nilikuwa mtu wa namna hiyo. Machozi yangu yote yalikuwa ya baada. Saa sita usiku nalia, saa kumi na mbili jioni siombi.

Basi nikaihamisha sala. Mita kama mia mbili kabla ya kufika kwangu kuna mwembe kando ya barabara. Nikaanza kuisimamisha pikipiki pale, kuizima, na kukaa dakika tano. Siku za kwanza nilisema maneno mengi, kisha nikaona maneno mengi nayo ni namna ya kujikweza. Nikabaki na mstari mmoja wa Zaburi: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu" (141:3). Na baada yake, sala ya yule mtoza ushuru aliyesimama mbali bila kuinua macho: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi" (Luka 18:13). Yahesabu, ni maneno saba. Bwana anasema huyo ndiye aliyeshuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki, na yule aliyetaja kufunga kwake na zaka zake hakupata kitu. Ndugu zetu Waorthodoksi wana sala ya ukoo huohuo wanayoirudia mchana kutwa, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi." Unaweza kuisema ukiwa kwenye daladala na jirani yako asijue.

Kwako mwembe unaweza kuwa kiti cha ofisini dakika tano kabla ya kutoka, au ukingo wa kitanda kabla ya kuiwasha simu. Cha lazima ni kwamba saa uliyoiona kwenye daftari itanguliwe na sala, kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Siku hizo hasa.

Acha kuweka viapo. Petro aliapa kwamba hata wengine wote wakichukizwa, yeye kamwe hatachukizwa, na tunajua usiku ule uliishaje. "Sitarudia tena maisha yangu yote" ni sentensi ya mtu anayejiamini. Omba ya leo: "Bwana, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, unishike." Kesho utaomba ya kesho.

Usiku, kabla ya kulala, chunguza dhamiri kwa dakika kumi. Ipitishe siku mbele za Mungu tangu kuamka, umshukuru kwa pale aliposhika, umtajie pale ulipoteleza, kwa sentensi zilezile za hatua ya kwanza.

Na kufunga? Kufunga ni kwema, ila nakupa onyo nililolilipia. Kuna wiki nilifunga siku tatu ili hasira iniondoke, na sikumbuki wiki niliyofoka zaidi ya hiyo. Baadaye nikakutana na Isaya 58:4: "Tazama, ninyi mwafunga mpate kushindana na kugombana." Nilihisi nimeandikiwa mimi. Siku hizi nafunga kile kinacholisha dhambi, kwa mfano kurudia moyoni maneno ya aliyenidharau. Mwenye shida ya simu afunge simu. Njaa ya tumbo ije baadaye, kwa ushauri wa anayekujua.

Hatua ya nne: mwambie mtu mmoja

Mimi ni wa Kagera, na bibi yangu alikuwa mtu wa Uamsho. Kwa wasioujua: mwaka 1929 Mganda mmoja aitwaye Simeon Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini kule Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukatoka Gahini ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu Tanganyika. Watu hao, walioitwa Balokole, yaani waliookoka, walikuwa na neno lao kubwa, kutembea nuruni, walilolitoa katika 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Walikutana, wakaungama waziwazi, wakarudisha vitu walivyoiba. Bibi alikuwa akisema "kuvunjika", yaani kiburi kupondeka mbele za Mungu, kama wengine wanavyosema "kula". "Umevunjika leo?" alituuliza, na sisi watoto tulicheka. Sicheki tena.

Dhambi iliyofichwa hukua vizuri kuliko zote. "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema" (Mithali 28:13). Na Yakobo 5:16 haisemi tu tuungame kwa Mungu: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa."

Mchague kwa makini. Awe amekomaa katika imani, awe mtu wa kutunza neno, na awe mwenye dhambi anayejijua, kwa maana asiyejijua atakuhubiria. Kwa mambo ya mwili, mwanamume amwendee mwanamume, mwanamke amwendee mwanamke. Mkatoliki anaye padre katika kitubio, na padre amefungwa na siri ya maungamo asiweze kuitoa kwa mtu yeyote. Sisi Walutheri na Waanglikana pia tunaweza kuungama faraghani kwa mchungaji, ingawa wengi tumesahau. Usimwendee anayedai fedha ili akuombee, wala anayekuuzia mafuta. Rehema ya Mungu haina bei.

Usisimame mbele ya usharika mzima ukamwaga yote. Wako wazee wa Uamsho walionionya juu ya hilo: ungamo la hadhara linaweza kugeuka maonyesho, na linaweza kumvunjia heshima mwenzio ambaye hakukutuma umtaje. Ungama ya kwako tu.

Siku yangu ilipofika nilimwendea mzee mmoja, mkulima wa kahawa, mwenye elimu ndogo kuliko yangu. Nakiri nilimchagua nikijua kwamba kuinama mbele yake kutaniuma. Nikamsomea sentensi yangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nami nilikuwa hivyo. Tuombe." Hakunipa ushauri wowote. Nilipoondoka nilimwomba jambo moja ambalo nawe uliombe kwa wako: kila Jumamosi aniulize kwa jina la dhambi yenyewe, asiniulize tu "unaendeleaje".

Hatua ya tano: mwombe msamaha uliyemkosea

"Kama nimekukwaza, naomba unisamehe." Tumelisikia hilo mara ngapi kwenye vikao? Hilo "kama" linaharibu yote. Linamwachia aliyeumia kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia.

Sema hivi: "Jana nilikuita mjinga mbele ya wadogo zako. Nilikosa. Wewe si mjinga. Naomba unisamehe." Kisha unyamaze. Usieleze ulivyochoka, usidai ujibiwe papo hapo. Najua kwetu mzazi kumwomba mtoto msamaha huonekana ni kujishusha. Ndiyo, ni kujishusha, na ndiko tunakoelekea. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mwanangu aliangalia chini na hakujibu kitu kwa siku mbili. Nilistahili siku mbili zile.

Kama uliiba, rudisha. Zakayo hakuishia kulia, alitaja marudisho mara nne.

Na kama dhambi yako ni kupiga, nisikilize vizuri. Mkeo au mtoto akiondoka akaenda kwa ndugu zake ili awe salama, hajakosa. Akiripoti, hajakosa. Usichukue "saba mara sabini" ukamfungia nayo ndani ya nyumba. Neno lile alipewa Petro aliyeuliza habari za kusamehe kwake mwenyewe, si fimbo mkononi mwa mkosaji.

Hatua ya sita: ikate njia

Hii ni fupi. Paulo anasema tusiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake (Warumi 13:14). Simu ilale sebuleni. Programu ya kubeti ifutwe, na fedha zishikwe na mwenzako kwa muda. Njia ipitayo kwenye baa ibadilishwe hata kama ile nyingine ni ndefu.

Kwa aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miaka: usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Nenda hospitali uache chini ya uangalizi, ukiomba. Daktari hapunguzi imani ya mtu.

Ukianguka tena

Utaanguka, huenda wiki hiihii. Usisubiri ujisikie msafi ndipo urudi kuomba. Rudi saa ileile, ukiwa bado unanuka kosa. "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu" (1 Yohana 1:9). Mwandishi hakuweka idadi.

Waangalie Petro na Yuda. Wote wawili walijuta usiku na asubuhi ya siku moja. Yuda hata aliungama: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia" (Mathayo 27:4). Lakini alilipeleka ungamo lake kwa wakuu wa makuhani ambao hawakujali, wakamwambia hayo ayaangalie mwenyewe, akaenda peke yake. Petro alibaki na wenzake, akarudi nao kuvua samaki, na asubuhi ufukweni akakuta moto wa makaa (Yohana 21:9). Alimkana Bwana akiota moto wa makaa, na kando ya moto wa makaa akaulizwa mara tatu, "Wanipenda?" Kama dhambi imekufikisha mahali unapofikiria kujiua, mwambie mtu usiku huu, usingoje asubuhi.

Chunga pia ile aibu inayosema, "Mtu kama mimi nimewezaje?" Nilidhani ni unyenyekevu. Kumbe ni kiburi kilekile, kinashangaa kwamba sanamu yangu imepasuka. Mnyenyekevu akianguka hashangai sana. Anajua alivyo, anaharakisha kwa Baba.

Paulo alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba, na jibu likawa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Wako watu walioondolewa dhambi yao kwa siku moja, nami nafurahi nao. Mimi sijaondolewa. Ila zamani zilikuwa zinapita wiki kabla sijamwomba mtu msamaha, kisha ikawa usiku uleule, na sasa mara nyingi ni kabla chakula hakijapoa. Sauti yenyewe nayo imeshuka. Wanaonijua wanasema hivyo, mimi siwezi kuwa shahidi wangu.

Mwaka jana, jioni moja ya mvua, nilipita pale mwembeni bila kusimama. Nilikuwa nimelowa, na mchana nilikuwa nimejibiwa vibaya. Nilipoingia nilianza na viatu vilivyoachwa mlangoni. Mwanangu yule wa sukari, ambaye sasa ananizidi kimo, aliniangalia kwa utulivu akaniuliza, "Baba, leo hukusimama mwembeni?" Nikachukua ufunguo, nikarudi kwenye mvua.